Ombi, Agizo na Oda: Historia Fupi ya Maneno ya Ununuzi na Somo Lake kwa Wachaguaji wa Programu

Utangulizi

Wasomaji wetu wengi ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, na kila mmoja wao, kwa nafasi yake, amewahi kushika karatasi ya ununuzi. Mwalimu mkuu ameomba chaki, mganga wa zahanati ameomba dawa, karani wa halmashauri ameandika hati ya kununulia mafuta ya gari. Hivi leo kazi hiyo inatolewa katika madaftari na kuingizwa katika kompyuta, na ofisi nyingi zimo mbioni kuchagua programu ya kufuatilia maagizo ya ununuzi tangu yanapoandikwa hadi mzigo unapopokelewa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kuchagua programu ya namna hiyo ni kuchagua maneno pia, na kwamba maneno yakichaguliwa vibaya hasara yake haiishii katika kurasa za kamusi, bali hufika mpaka kwenye rafu tupu ya zahanati.

Ili hoja yetu isielee hewani, tutaifunga mahali pamoja. Shishiyu ni kata ya Wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012; kabla ya hapo Maswa na Bariadi zilikuwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Kata kama hiyo haina bohari kuu wala kiwanda cha dawa. Karibu kila kinachohitajiwa na shule au zahanati yake hutoka mbali na hupita mikononi mwa watu wengi, na katika kila mkono huandikwa neno.

Tuseme basi kwamba mama mmoja wa kata hiyo amemleta mtoto mwenye homa, na muuguzi anamwambia: "Pole mama, dawa hiyo imekwisha, lakini tumeshaagiza." Mama ataelewa kwamba dawa iko njiani. Muuguzi naye huenda akaamini hivyo hivyo. Kumbe alichokipeleka wilayani kilikuwa ombi, na ombi hilo halijaidhinishwa. Baina ya "tumeomba" na "tumeagiza" pana majuma mengi ya kungoja. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kuifuata katika historia.

Mizani na stakabadhi ya pamba

Watu wa Usukuma waliijua thamani ya kumbukumbu ya maandishi kabla ya kompyuta kufika nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa lililokuwa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuishia kunung'unika. Waliweka watu wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba ili wapime upya na kulinganisha uzito. Juhudi hizo zilizaa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililochukua jina la Ziwa Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu.

Yafaa tutazame kilichofanyika hapo kwa macho ya mtu wa istilahi. Pamba ilitoka shambani, ikapimwa kwenye chama, ikapakiwa katika lori, ikafika kwenye kiwanda cha kuchambulia. Katika kila hatua uzito ule ule uliandikwa tena. Maandishi mawili yakitofautiana, tofauti hiyo ndiyo ilionyesha mahali mali ilipopotea. Huu ndio ufuatiliaji wenyewe, na hauna siri zaidi ya hiyo hata ukifanywa na kompyuta: jambo moja kuandikwa na watu wawili wasio na maslahi yaleyale, kisha maandishi yao kulinganishwa.

Karatasi aliyopewa mkulima iliitwa stakabadhi, na neno hilo linastahili kutazamwa. Lina undugu na kitenzi "kukabidhi", na yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu. Anayekabidhi anatoa mali mkononi mwake, na stakabadhi ni ushahidi kwamba mwenzake ameipokea. Risiti, tuliyoipata kutoka Kiingereza, imekaa zaidi upande wa fedha. Katika ghala maneno haya mawili hayawezi kushika zamu moja, maana kupokea mzigo si kupokea malipo. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 ililipa neno hilo la kale kazi mpya, na wakulima hawakuhitaji kufundishwa maana yake.

Baadaye mambo yalibadilika mara kwa mara. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa makampuni ya watu binafsi. Katika kila badiliko mnunuzi alikuwa mwingine na vitabu vyake vilikuwa vingine, lakini mkulima alikuwa yule yule, na swali lake lilikuwa lile lile: kilichoandikwa hapa ni nini, nami naweza kukisoma? Somo la kwanza, basi, ni kwamba kumbukumbu hulinda haki ya mtu pale tu anapoweza kuisoma mwenyewe.

Mashine ya Wizara ya Fedha

Tukiacha mashamba na kuingia maofisini tunakutana na kisa ambacho kila mchaguzi wa programu yampasa akijue. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifungiwa kompyuta ya kwanza nchini, ya aina iliyoitwa ICT 1500, kwa ajili ya hesabu za serikali. Matumaini yalikuwa makubwa. Hata hivyo hesabu zilivurugika, gharama zikapanda, na hatimaye wizara ikalazimika kurudia utaratibu wa kuandika kwa mkono. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, ila kwa kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ni rahisi leo kuwacheka waliopiga marufuku hiyo, lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mashine hairekebishi utaratibu uliovurugika, bali huuendesha haraka zaidi. Mashine ilikuja na wataalamu wake wa kigeni, vitabu vyake vya kigeni na maneno yake ya kigeni, ilhali tangu Januari 1967 serikali ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Karani aliandika hati kwa lugha moja na mashine ilidai lugha nyingine. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoiangusha kazi ile. Tunasema kwamba chombo kisichozungumza na mtumishi wake hakimpi nafasi ya kugundua kosa mapema.

Tokeo moja la miaka ile linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa kuwa kompyuta zilikuwa chache, maneno yake nayo yalichelewa kuota mizizi. Watu walipendekeza "tarakilishi", wengine wakapendekeza "ngamizi", na kila neno lilikuwa na mantiki yake. Wananchi wakasema "kompyuta", na mwishowe neno hilo ndilo lililoshinda upande wa Tanzania. Istilahi inayoundwa baada ya watu kuzoea jina jingine hufanana na daraja linalojengwa baada ya watu kuzoea kivuko: linaweza kuwa zuri sana na likabaki bila wapitaji. Somo la pili ni kwamba maneno ya programu yatafutwe kabla ya programu kufungwa, si mwaka mmoja baadaye.

Kutoka kasha hadi ombi

Historia ya dawa inatupa mfano wa karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark na kwa kupitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, zahanati na vituo vya afya vya Tanzania vililetewa dawa muhimu katika makasha yaliyofungwa. Kila kituo kilipokea kasha la aina yake bila kuomba. Utaratibu huo uliokoa maisha ya watu wengi, maana dawa zilifika hata vijijini ambako hapo kwanza zilikuwa adimu. Kasoro yake ilikuwa kwamba kasha halikujua mahitaji ya mahali. Zahanati yenye wagonjwa wengi wa malaria na zahanati yenye wachache zilipata vitu vya namna moja. Huku dawa zikaisha, kule zikaoza.

Mwaka 1993 sheria ilianzisha Bohari ya Dawa, nayo ikachukua nafasi ya bohari kuu ya zamani ya serikali. Taratibu mpya zikafuata, na katika mwaka 2005 mfumo ujulikanao kwa kifupi kama ILS ulijaribiwa katika mikoa ya Dodoma na Iringa kabla ya kuenezwa nchini. Sasa kituo chenyewe kilitakiwa kueleza salio lake, matumizi yake na upotevu wake, kisha kuomba kinachohitajika. Vituo viligawanywa katika makundi matatu, na kila kundi lilipeleka fomu zake kwa zamu kila robo mwaka.

Badiliko hili lilikuwa kubwa kwa lugha kuliko lilivyokuwa kwa magari. Katika enzi ya makasha vilitosha vitenzi viwili, "kuletewa" na "kupokea". Sasa vilihitajika "kuomba", "kuidhinisha", "kuagiza", "kutuma", "kupokea" na "kurejesha", na kila kimoja kilikuwa na mtu wake na siku yake. Mganga wa zahanati anaomba. Ofisi ya wilaya inapitia na kuidhinisha. Bohari inatayarisha na kutuma. Mganga anapokea, anahesabu na kutia sahihi. Mtu akitumia neno "kuagiza" kwa hatua zote hizo, hakuna atakayejua mzigo umekwama wapi.

Simu za mkononi zilitoa fundisho jingine. Kati ya mwaka 2009 na 2010 palifanywa jaribio katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, kwa vituo 129 na kwa muda wa majuma 21. Kila wiki mtumishi wa kituo aliulizwa kwa ujumbe mfupi wa simu salio la dawa za malaria, naye akajibu kwa herufi na tarakimu chache. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Ujumbe uliokosewa kuandikwa ulikuwa wastani wa asilimia 7.5, na karibu makosa yote yalisahihishwa na ujumbe ukatumwa tena. Hapakuwa na mashine kubwa. Palikuwa na swali moja linaloeleweka, jibu moja fupi, na mtu wilayani anayelisoma jibu hilo na kulifanyia kazi.

Uzoefu wa namna hiyo ulitangulia mfumo mkubwa zaidi wa kompyuta, ujulikanao kwa kifupi kama eLMIS, ambao ulisimikwa nchini kati ya mwaka 2013 na 2014. Tanzania ilishirikiana na Zambia katika kazi hiyo, na mfumo ukajengwa juu ya programu huria iitwayo OpenLMIS. Kinachofaa kuigwa hapo ni mpango wa kazi: mahitaji ya watumiaji yalikusanywa na kuandikwa kwanza, ndipo programu ikajengwa. Aanzaye kwa kutazama programu dukani, kisha akatafuta kazi ya kuipa, ameanza safari kwa kununua tiketi kabla ya kujua aendako.

Mshitiri na Jazia

Katika fungu hili tungependa kuwapongeza waliobuni, na papo hapo kuwaonya kidogo. Mwaka 2014 mkoani Dodoma ulianzishwa utaratibu wa kununua dawa ambazo zimekosekana Bohari ya Dawa. Mkoa huchagua mfanyabiashara mmoja kwa zabuni, na vituo vyote vya serikali katika mkoa humwagizia yeye kile ambacho Bohari haikuweza kukitoa. Kufikia mwaka 2018 utaratibu huo ulikuwa umefika mikoa yote. Uliitwa Jazia, na mfanyabiashara huyo akaitwa mshitiri.

Jina Jazia ni zuri kwa kila hali. Limetoka katika kitenzi "jaa", likapita "jaza", likafika "jazia", yaani kujaza kwa ajili ya mwingine au kuongeza pale palipopungua. Hata mtoto wa shule analielewa, na linaeleza kazi yenyewe kwa ukamilifu: Bohari hutangulia, Jazia hufuata.

"Mshitiri" nalo ni neno la heshima na la kale, lakini katika kamusi zetu maana yake ni mnunuzi. Limetoka Kiarabu na limekaa katika Kiswahili muda mrefu kwa maana hiyo. Sasa katika hati za afya mshitiri ndiye anayekiuzia kituo dawa. Anaweza kutetewa kwa kusema kwamba yeye hununua kwa wauzaji wa jumla kwa niaba ya vituo, na kwa upande huo ni mnunuzi kweli. Utetezi huo una uzito, nasi hatupendekezi neno ling'olewe maadamu limekwisha kushika. Ila yampasa mfasiri wa programu ajue kwamba katika safu ya "mnunuzi" na safu ya "muuzaji" neno hili linaweza kukaa pande zote mbili. Mwandishi wa mkataba asipolieleza neno hilo mwanzoni mwa hati yake, wanasheria watakuja kulieleza mwishoni, kwa gharama.

Mnyororo, mfumo na ufuatiliaji

Maneno matatu yamezidi kutumika siku hizi, na kila moja lina historia yake.

La kwanza ni "mnyororo wa ugavi". "Ugavi" ni neno letu kabisa, limetokana na "gawa", na afisa ugavi ni cheo kinachojulikana katika kila halmashauri. "Mnyororo" limeletwa na tafsiri ya neno kwa neno. Katika masikio ya watu wetu wa zamani mnyororo ni kitu cha kumfungia mtu, na katika njia za misafara ya bara kulikuwa na kumbukumbu chungu za minyororo hiyo. Kulikuwa na maneno mengine yaliyofaa, kama vile "mlolongo", linaloonyesha vitu vinavyofuatana bila kufungwa. Hata hivyo "mnyororo wa ugavi" na ndugu yake "mnyororo wa thamani" yamekwisha kuingia katika hotuba, sera na mitaala. Sisi tunaona kwamba yaachwe, lakini mwalimu awaeleze wanafunzi wake sura moja ya mnyororo ambayo ni ya kweli hapa: pingili moja ikikatika, zote zinazofuata huanguka pamoja nayo.

La pili ni "mfumo". Hili halina deni kwa mtu. Limetokana na "fuma", kazi ya msusi na mfumaji, ambaye uzi wake mmoja hupita juu na mwingine chini mpaka kitambaa kikakamilika. Watu wakisema "mfumo umegoma" wanafanya mzaha, lakini wanasema kweli. Programu ni uzi mmoja tu. Mfumo ni pamoja na karani, leja, gari, sahihi na simu. Tukitenganisha "programu" na "mfumo" katika hati zetu tutakuwa tumewasaidia wakubwa wa ofisi wasidhani kwamba kwa kununua ya kwanza wamepata na wa pili.

La tatu ni "ufuatiliaji". Limekwisha kuchukuliwa na watu wa mipango wanaosema "ufuatiliaji na tathmini", kwa maana ya kuangalia kama mradi unakwenda sawa. Mtu wa bohari anapotaka kujua mzigo uko wapi sasa hivi anataka jambo jingine, linalokaribia kazi ya mwindaji anayefuata unyayo. Tunapendekeza isemwe "ufuatiliaji wa mwendo wa agizo", ili maana mbili zisigombane katika ukurasa mmoja.

Maswali ya kumwuliza mwuza programu

Sasa tugeukie kamati ya ununuzi yenyewe. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma nchini unapitia mfumo wa kitaifa uitwao NeST, uliojengwa na wataalamu wa nyumbani na kuchukua nafasi ya TANePS. Lakini ndani ya shule, vyama vya ushirika, hospitali za mashirika na makampuni, programu za kufuatilia maagizo zitaendelea kuchaguliwa kila mwaka. Wachaguaji wana orodha zao za bei, kasi na usalama, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Tunaongeza maswali manne ya lugha ambayo aghalabu hayaulizwi.

La kwanza: je, programu inatenganisha ombi, agizo na mapokezi? Kila kimoja yapasa kiwe na nambari yake, tarehe yake na mtu wake. Zahanati ikiomba makopo 10, wilaya ikaidhinisha 8, na lori likaleta 5, tarakimu zote tatu zibaki zikionekana. Programu inayofuta 10 na kuandika 5 juu yake imefanya kazi ya mnunuzi wa pamba aliyeficha mizani.

La pili: je, kipimo kimeandikwa kando ya kila tarakimu? Tuseme zahanati ya kata ina makopo 2 yenye vidonge 1,000 kila moja. Mwandishi akiandika 2 mahali programu inapotaka vidonge, bohari itaona kwamba zahanati imekaukiwa. Akiandika 2,000 mahali panapotakiwa makopo, itaonekana ina vidonge milioni 2, na ombi lake litajibiwa kwa sifuri. Kosa hili halihitaji uvivu wala wizi. Linahitaji neno moja tu kukosekana, yaani "kopo" au "kidonge".

La tatu: je, programu inaheshimu ngeli? Programu nyingi huunga vipande vya sentensi: hapa jina la kitu, pale neno la hali yake. Kwa Kiingereza kipande kimoja cha "imeidhinishwa" hutosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili ombi limeidhinishwa, hati imeidhinishwa, mzigo umeidhinishwa na vifaa vimeidhinishwa. Wingi nao kwetu huja mwanzoni mwa neno: kidonge kimoja, vidonge viwili. Mchaguzi aulize kama mfasiri ataruhusiwa kuandika sentensi nzima kwa kila hali. Akijibiwa kwamba haiwezekani, ajue kwamba watumishi wake watasoma Kiswahili kilichovunjika kila siku ya kazi.

La nne: je, maneno yanaweza kusahihishwa baada ya programu kufungwa, na nani mwenye ruhusa? Tuliwahi kuletewa tafsiri ya programu moja ya bohari tuihakiki. Mfasiri alikuwa amepewa orodha ya maneno bila kuonyeshwa yanatumika wapi. Neno moja la Kiingereza alilifasiri mara "amri", mara "mpangilio", mara "oda". Kitufe cha kupanga majina kwa alfabeti kikasomeka "amri ya majina", na hati ya ununuzi ikasomeka "mpangilio wa kununua". Kosa halikuwa la mfasiri. Tulipoomba yasahihishwe tuliambiwa kwamba maneno yamefungiwa ndani ya programu na hayatabadilika mpaka toleo jipya. Hapa ndipo programu huria zinapokuwa na faida: mwaka 2004 Jambo OpenOffice iliyotayarishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilionyesha kwamba wenyewe wenye lugha wanaweza kuifanya kompyuta iseme Kiswahili, maadamu mlango haukufungwa kwa kufuli la mtu mwingine.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na historia hii tunapendekeza matumizi yafuatayo, kwa majadiliano. "Ombi" litumike kwa kinachotoka kituoni kwenda kwa mwenye idhini. "Agizo la ununuzi" litumike kwa kinachokwenda kwa muuzaji baada ya idhini. Na karatasi yake iitwe "hati ya agizo", hata kama makarani wataendelea kusema elpio, kwani si kazi yetu kuwafunga watu midomo. "Oda" ibaki katika mazungumzo na biashara ndogo, ambako haina madhara. "Hati ya mapokezi" itumike kwa kilichohesabiwa mlangoni, "ankara" kwa madai ya muuzaji, na "stakabadhi" isiachiwe fedha peke yake. Kilichoagizwa kisifike kiitwe "baki la agizo", ili kisisahauliwe kwa kukosa jina.

Neno "agizo" lina kasoro moja ambayo hatuna budi kuikiri. Agizo la mkubwa ni amri, na agizo la ununuzi si amri bali ni ahadi ya kulipa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba katika hati rasmi liandikwe kwa ukamilifu, "agizo la ununuzi", wala lisiachwe likisimama peke yake.

Tulianza na mama wa Shishiyu aliyeambiwa kwamba dawa imeagizwa. Programu njema, yenye maneno mema, ingemwezesha muuguzi kusema: "Mama, tuliomba tarehe 3, wilaya iliidhinisha tarehe 9, mzigo umetoka bohari jana." Au ingemlazimisha kusema kweli chungu: "Tuliomba, bado hawajatujibu, mpeleke mtoto hospitali ya wilaya leo hii, usingoje." Majibu yote mawili yana faida kuliko "tumeshaagiza", kwa kuwa kila moja linamwambia mama afanye nini. Wazee wa pamba waliweka mtu wao kando ya mizani kwa sababu iyo hiyo.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wanaotumia programu hizi kila siku watuletee maneno wanayoyakuta kwenye skrini zao, mazuri na mabaya, pamoja na maneno ambayo wenzao kazini huyatumia badala yake. Hayo ya pili ndiyo tunayoyataka zaidi, kwa kuwa yamekwisha kufanyiwa mtihani na watu wanaoyahitaji.